Jeti za Mfano: Nani Alipaye Gharama?



Mwanzoni mwa muhula huu Chama chetu cha Sayansi kilipata barua kutoka Ujerumani. Aliyeiandika alisoma katika shule hii zamani, na sasa ni fundi wa mitambo huko. Alisema kwamba anayo jeti ya mfano, iongozwayo kwa redio, ambayo ameirusha kwa miaka minne. Sasa anataka kununua nyingine, basi akauliza kama sisi wadogo zake tungependa kupewa ile ya zamani bure pamoja na injini yake, mradi tulipe gharama ya kuisafirisha mpaka Entebbe. Barua iliposomwa mkutanoni vijana walipiga makofi na kugonga meza, hata Bruda mlezi wa chama akatoka ofisini kuja kuuliza kumetokea nini. Mimi niliye katibu ndiye niliyeisoma, nami nilipiga kelele kuliko wote.

Leo nataka kueleza kwa nini nimegeuka, na kwa nini naomba chama kisiipokee jeti ile. Najua ya kuwa wengine wameanza kuniita mwoga. Na waniite, lakini wasome kwanza.

Yafaa wasomaji wajue ni kitu gani hiki, maana wengi wakisikia "eropleni ya mfano" hufikiri ni kitu cha kuchezea watoto, cha karatasi au cha plastiki. Jeti aliyoitaja ndugu yetu ina urefu wa mita mbili na nusu, na ikijazwa mafuta uzito wake ni kilo 20. Haina panga la mbele wala mota ya betri. Ina injini ya jeti ya kweli, ifanyayo kazi kwa kanuni zile zile za injini za eropleni kubwa zinazotua Entebbe, ila yenyewe ni ndogo kama chupa ya chai. Hewa huingia mbele, gurudumu moja huishindilia, mafuta huwaka katikati, na hewa ya moto huzungusha gurudumu la pili, ndilo liitwalo tabini, kabla ya kutoka nyuma kwa nguvu. Magurudumu hayo mawili yako katika mhimili mmoja, nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini ya boda-boda ikilia mpaka masikio yaume haifiki mara 10,000. Hewa itokayo nyuma ya jeti hupita nyuzi 500 za joto. Na mafuta yake ni mafuta ya taa, yaliyotiwa oili kidogo, kama sehemu 5 katika 100.

Habari ya mafuta ya taa ilinichekesha. Nyumbani kwetu, kabla baba hajanunua taa ya jua, lita moja ilitosha kutusomesha karibu wiki mbili. Jeti hii ikipewa nguvu zake zote hunywa zaidi ya nusu lita kwa dakika moja. Safari yake angani ni dakika nane au kumi tu, kisha hushuka ikiwa na kiu.

Basi na tuseme habari ya fedha, maana ndiyo iliyozungumzwa sana mabwenini. Injini peke yake, ikiwa mpya, huuzwa dola za Marekani 2,000 na zaidi, na zile zenye nguvu hupita 4,000. Juu yake weka kiwiliwili, magurudumu ya kukunjwa, mota ndogo za kugeuza mabawa na mkia, betri, na sanduku la kuongozea. Mtu wa Ulaya au Marekani kutumia dola 10,000 kwa jeti moja si jambo la kushangaza, na wako waliotumia mara mbili ya hizo. Nilipiga hesabu nikaona kwamba dola 15,000 zingelipa ada ya wanafunzi watatu hapa kwetu tangu Senior One mpaka Senior Six, nao wangekula na kulala humu humu.

Mwalimu wangu mmoja aliposikia hesabu hiyo alisema kwamba mambo haya ni anasa tupu, na kwamba watu wa namna hiyo wangepaswa kuona haya. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani naye. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wengi walipokuwa hawasadiki kwamba injini ya jeti ndogo kiasi hiki yaweza kufanya kazi, Mjerumani mmoja aitwaye Kurt Schreckling aliitengeneza mwenyewe. Gurudumu la kushindilia hewa alilifanya kwa plaiwudi, akalikaza kwa nyuzi za kaboni. Plaiwudi, ndugu zangu, mbao zile zile ambazo kwazo seremala wetu hutengenezea milango ya makabati! Kisha akaandika kitabu, akaeleza njia yake wazi ili wengine nao wajaribu. Na tarehe 26 Septemba 2008 rubani wa Uswisi, Yves Rossy, alijifunga mgongoni bawa lenye injini nne ndogo za namna hii, akajitupa kutoka katika eropleni upande wa Ufaransa, akavuka bahari mpaka Dover kwa muda usiofika dakika kumi. Mtu akiniambia kwamba wachezaji hawa hawaongezi kitu chochote katika maarifa ya ulimwengu, nitamwonyesha huyo.

Zaidi ya hayo, mwenye fedha zake akizitumia kwa mchezo wake, gharama ni yake. Akiiangusha jeti siku ya kwanza, hasara ni yake pia, wala mimi sina haki ya kumfunga mikono. Kama ingekuwa ni fedha tu, nisingeandika.

Wanaokumbuka mwaka jana watajua naelekea wapi. Mimi na wenzangu wawili tulitengeneza eropleni ya povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni madukani. Tuliitia mota ndogo ya umeme na betri, na uzito wake wote ulikuwa gramu 600. Jumamosi moja jioni tuliirusha juu ya kiwanja cha mpira. Mwanzo ilitii vizuri, hata tukaanza kujiona marubani. Kisha upepo wa bondeni uliichukua, nami nikachanganyikiwa, maana eropleni ikikujia uso kwa uso kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia. Ikapita juu ya ua wa shule ikashuka katika njia ya kisimani. Mtoto wa darasa la tatu wa shule ya msingi alikuwa akipita na dumu lake tupu. Ilimpiga juu ya jicho. Alishonwa nyuzi nne. Jicho lilipona, namshukuru Mungu, lakini kovu liko, nami nikikutana naye njiani hulitazama kabla sijamsalimu.

Tulikwenda na Bruda kumwomba radhi mama yake, tukachukua sukari na sabuni. Hakutugombeza. Alitupa viti, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Wanangu, nyinyi mlikuwa mnacheza. Huyu alikuwa anakwenda kuchota maji."

Maneno hayo sikuyaelewa sawasawa mpaka ilipokuja barua ya Ujerumani. Usiku ule nilichukua daftari la fizikia. Sote twajua kwamba nguvu ya kitu kiendacho ni nusu ya uzito wake mara mwendo wake mara mwendo wake tena. Eropleni yetu ya povu, gramu 600, ikienda kilometa 40 kwa saa, ilikuwa na joule 37 hivi, na hizo zilitosha kupasua uso wa mtoto. Jeti ya kilo 20 ikienda kilometa 300 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida kwake, ina joule zipatazo 69,000. Hiyo ni zaidi ya mara 1,800. Ili mtu apate picha, ni sawa na pikipiki pamoja na dereva wake, jumla kilo 200, ikienda kasi ya kilometa 95 kwa saa, lakini pikipiki isiyo na breki, inayotoka juu, na yenye tangi la mafuta na injini ya moto.

Na tazama muda alio nao mwongozaji. Katika sekunde moja jeti hiyo imekwenda mita 83, karibu urefu wa kiwanja chetu chote. Akipiga chafya, imepita goli na goli. Wala kilometa 300 si mwisho. Mwaka 2017, huko Ballenstedt katika Ujerumani, jeti ya mfano ilipimwa ikipita kwa kilometa 749 kwa saa.

Asiseme mtu kwamba natisha watu kwa hesabu za daftarini. Mwezi wa Desemba 1979, katika kiwanja cha Shea mjini New York, watazamaji wa mpira walionyeshwa wakati wa mapumziko eropleni za mfano za kila sura, na mojawapo ilikuwa imetengenezwa kama mashine ya kukatia majani. Ilitoka mikononi mwa mwongozaji ikaingia katika watu. Wawili walipigwa, na mmoja wao, kijana wa miaka 20 aliyekwenda kutazama mpira, alikufa baada ya siku chache. Haikuwa jeti, wala haikuwa na mwendo wa jeti. Na Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, kijana mwingine aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya kuongozwa kwa redio. Alikuwa na miaka 19. Hiyo ndiyo miaka yangu, na nilipoisoma habari hiyo niliufunga ule ukurasa nikatoka nje kidogo.

Lakini kati ya vijana hao wawili kuna tofauti. Wa pili alikuwa ameshika sanduku la kuongozea mkononi mwake. Alijua anachokifanya na alikipenda. Wa kwanza alikuwa ameketi tu.

Wenyewe wanaorusha jeti hizi wanalijua jambo hili, nami nawasifu. Katika Marekani chama chao, Academy of Model Aeronautics, kilichoanzishwa mwaka 1936, hakiruhusu mwanachama kurusha jeti ya tabini mpaka aonyeshe ujuzi wake na kupata kibali cha pekee. Nacho kimeweka mpaka wa mwendo, maili 200 kwa saa. Katika Uingereza eropleni ya mfano iliyozidi kilo 25 hairuki ila imepitia mpango wa pekee wa ukaguzi. Mawimbi ya redio yakikatika, chombo cha ndani kimewekwa ili kizime injini mara moja. Vyombo vya kuzimia moto huwa karibu wakati wa kuwasha. Mrushaji huwa na msaidizi kando yake, ambaye kazi yake ni kutazama anga na watu. Watazamaji huwekwa mbali nyuma ya mstari, na jeti haipiti juu ya vichwa vyao. Na juu ya yote kuna bima, ili ikiwa mtu ataumizwa, alipwe.

Vitu hivi vyote vina bei, lakini havimo katika bei ya jeti. Ndugu yetu wa Ujerumani atatupa chombo kinachoruka. Hawezi kututumia kwa meli mstari wa watazamaji, wala mwalimu wa kuturusha miaka miwili kwa eropleni ndogo kwanza, wala bima, wala gari la zimamoto. Wako watengenezaji wanaotaka injini irudishwe kiwandani kukaguliwa baada ya saa 25 za kazi. Sisi tutairudisha Ujerumani kwa fedha gani? Tuna shilingi ngapi katika sanduku la chama? Mimi ndiye niliyezihesabu, nazo hazitoshi kununua chombo kimoja cha kuzimia moto chenye gesi ya kaboni dioksidi.

Sasa tutazame kiwanja. Jeti ya namna hii hutaka njia ndefu iliyonyooka ya kukimbilia, laini kama meza. Chetu kina mashimo ya fuko, na kila mtu aliyecheza upande wa kushoto anayajua. Mashariki yake ni shule ya msingi. Kusini ni mashamba ya mahindi na majiko ya majirani yaliyoezekwa kwa nyasi. Wakati wa kiangazi nyasi za bondeni hukauka hata cheche ya sigara huzichoma. Jeti ikianguka humo na lita tatu za mafuta ya taa juu ya injini yenye moto, sisi tutapiga mbio na ndoo kutoka wapi? Kutoka kisima kile kile. Na kuna sheria vilevile. Katika Uganda chombo kirukacho bila rubani hakiingizwi nchini bila idhini ya serikali, wala sioni ofisi gani itakayotupa idhini ya kurusha kitu hiki kati ya shule mbili.

Rafiki yangu mwenyekiti, ambaye nampenda na tumeketi dawati moja kwa miaka minne, alinijibu mkutanoni maneno yaliyonichoma. Alisema, "Katibu, tukiogopa kila kitu, tutabaki kutazama za wengine mpaka lini? Wao walianguka wakajifunza. Sisi tunaambiwa tusianguke, basi hatujifunzi." Wanachama walimshangilia, na mimi sikuwa na jibu siku ile. Maneno yake yana ukweli. Schreckling asingeogopa plaiwudi yake ipasuke, kusingekuwa na injini hizi kama angeogopa. Mimi mwenyewe nitakwenda kusoma uhandisi Mungu akinijalia, nami sitaki kuwa mhandisi wa kusoma vitabuni tu.

Jibu nililopata baadaye ni hili. Schreckling alipoiwasha injini yake, aliyesimama karibu nayo alikuwa ni yeye. Mwenyekiti akitaka kuanguka ili ajifunze, nitaanguka pamoja naye, kama tulivyokwisha kuanguka mara nyingi. Lakini yule wa njia ya kisimani hakuhudhuria mkutano wetu, hakupiga kura, wala hatajifunza kitu akipigwa. Kama tungekuwa na uwanja mpana usio na watu, na mwalimu, na bima, ningekuwa wa kwanza kushika sanduku. Hatuna. Nasi tusijidanganye kwamba tutavipata baada ya jeti kufika, maana najua tulivyo: ikifika Jumatatu, Jumamosi itakuwa angani.

Wako waliopendekeza tuipokee lakini tusiirushe, tuiweke ukumbini wazazi waitazame siku ya sherehe. Wazo hilo ni zuri machoni tu. Hatutalala usingizi tukijua tangi liko na mafuta ya taa yako dukani.

Kwa hiyo nimeandika barua mbili. Moja inapokea zawadi kama ilivyo. Ya pili inamshukuru ndugu yetu kwa moyo wake, na kumwomba atutumie injini peke yake bila kiwiliwili, hata ikiwa ni mbovu, hata ikiwa imeungua, ili tuifungue juu ya meza ya maabara, tupime kila gurudumu, tujue mafuta yanapita wapi na kwa nini mhimili haukatiki. Bruda asema yuko mtu katika karakana ya ufundi mjini ambaye angeweza kutukerezea mhimili wa mfano. Mimi ningetoa fedha zangu za likizo kuiona injini hiyo imefunguliwa.

Kura haikupigwa muhula huu kwa sababu ya mitihani. Itapigwa Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, wakati mimi nitakuwa nimekwisha maliza shule na kwenda zangu, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti hili. Barua zote mbili ziko katika faili la chama, katika kabati la pili, chini ya darubini. Anayetaka azisome kabla ya siku hiyo. Mtoto yule sasa yuko darasa la nne, na bado hupita nyuma ya goli la kusini asubuhi na jioni na dumu lake.